Dumu la petroli liwekwe chini kabla ya kujazwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ulioanzishwa na msomaji mwenzangu, ambaye alilalamika kwamba kila anaposhuka garini na kugusa mlango hupigwa shoti, akajibiwa na msomaji mwingine kwamba mwili wake una umeme uliozidi na kwamba dawa yake ni kuvaa bangili ya shaba. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta kwa zaidi ya miaka 20, na umeme huo, ambao vitabu vya shule huuita umeme tuli au umemetuamo, nimeshindana nao mezani kwangu muda wote huo. Jibu la bangili lingekuwa kosa dogo la kupita, lakini kutojua kulikolizaa ndiko kunakotufanya tuogope kisichotudhuru na tusijali kinachoweza kutuunguza, hasa tunapokwenda kununua petroli. Huko ndiko barua hii inakoelekea, ila siwezi kufika kabla ya kueleza chaji ni nini na huwa inatafuta nini.

Hakuna binadamu aliyezaliwa na umeme mwingi kuliko wenzake. Kila kitu, kiwe mwili, kiti, kiatu au hewa, kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini chenye protoni za chaji chanya, na nje ya kiini hicho kuna elektroni za chaji hasi. Kwa kawaida hesabu za pande mbili hulingana, ndiyo sababu hatuhisi lolote. Vitu viwili vya aina tofauti vinapogusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na chaji kidogo ya mwenzake, na hapo mizani huharibika: mmoja amezidisha, mwingine amepungukiwa. Kusugua hakuumbi chaji yoyote mpya. Kunaongeza tu sehemu zinazogusana. Wanasayansi bado wanajadiliana kama kinachohama kati ya plastiki na nguo ni elektroni zenyewe, au ioni (atomu zenye chaji), au chembechembe za kitu chenyewe, lakini hawabishani kwamba jumla ya chaji haibadiliki. Mtu aliyefikia volti 10,000 baada ya kushuka garini amezidisha au amepungukiwa elektroni zipatazo trilioni 6. Hesabu hiyo inatisha kuisikia, lakini mwili una elektroni nyingi mno, kiasi kwamba hiyo haifiki hata elektroni moja katika kila trilioni elfu moja. Huo ndio “umeme uliozidi” wa msomaji wetu.

Anayetaka kuuona kwa macho yake avue sweta la nailoni gizani, wakati hewa ni kavu. Atasikia kwanza mlio kama wa chumvi iliyotupwa motoni, kisha, macho yakishazoea giza, ataona vimulimuli vya rangi ya buluu vikikimbia kwenye mikunjo ya sweta pale linapoachana na shati la ndani, na vinyweleo vya mikono vitasimama vyenyewe kulifuata. Mchana anaweza kuchana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha akakisogeza juu ya vipande vidogo vya karatasi. Wengi hutazama karatasi zikirukia kitana na kuondoka, wakidhani wameona yote. Nawaomba wasubiri kidogo. Baada ya muda mfupi kipande kimoja, kisha kingine, hufyatuka kutoka kwenye kitana kana kwamba kimetemwa. Karatasi haikuwa na chaji ya ziada mwanzoni. Ilivutwa kwa sababu chaji zake zilijisogeza ndani kwa ndani, zile za aina tofauti zikakaribia kitana na zile za aina moja nacho zikasogea mbali. Ilipokaa juu ya kitana ikagawiwa chaji kama ya kitana chenyewe, na chaji za aina moja hufukuzana. Katika mchezo huo wa mtoto zimo kanuni zote tunazozihitaji hapa: zisizofanana huvutana, zinazofanana hufukuzana, na kila chaji iliyotengwa na mwenzake hutafuta njia ya kurudi.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya jambo hili. Kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka kuwa kama jiwe na ambao watu huufanya shanga, ni neno lililotufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na huko lilikotoka maana yake ni mnyakua makapi, kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa hunyakua majani makavu. Waarabu wakalichukua neno hilohilo kuwa jina la umeme. Wagiriki nao waliiita kaharabu elektron, na kutoka hapo tabibu Mwingereza William Gilbert akaunda mwaka 1600 jina la kisayansi ambalo leo tunalisikia ndani ya elektroni na elektroniki. Kwa hiyo fundi wa simu na sonara wa shanga wanatumia majina ya kitu kimoja bila kujua.

Lakini ugunduzi ninaotaka msomaji aushike zaidi ni wa Mwingereza mwingine, Stephen Gray, ambaye mwaka 1729 alionyesha kwamba vitu vingine huiacha chaji isafiri na vingine huizuia pale ilipo. Mwaka uliofuata alimning'iniza mvulana kwa kamba zisizopitisha umeme, akampa chaji kwa kumkaribishia mrija wa kioo uliosuguliwa, na vipande vyepesi vya madini membamba kama karatasi vikarukia uso na mikono ya mtoto huyo. Jaribio lile lilionyesha kwamba mwili wa binadamu ni kipitishi. Plastiki, nailoni, mpira na kioo kikavu ni vihami, yaani chaji ikikaa juu yake hubaki palepale ilipowekwa, kila kipande cha uso kikishikilia chake. Mwili na chuma haviko hivyo. Chaji iliyo mgongoni, miguuni na kifuani mwa mtu inaweza yote kukimbilia ncha ya kidole kimoja kwa mara moja. Ndiyo maana sweta hutoa vicheche vingi vidogo visivyouma, ilhali mtu aliyelivaa hutoa cheche moja inayomfanya ashtuke.

Sasa turudi kwa msomaji wetu na mlango wa gari lake. Akiwa amekaa, nguo zake na kitambaa cha kiti vimegawana chaji, na kwa kuwa vimegusana hakuna kinachoonekana. Anaponyanyuka, chaji hizo zinatenganishwa kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe, na volti za mwili hupanda kadiri anavyoachana na kiti. Soli za mpira zinaizuia chaji isishuke ardhini, basi anasimama hapo akiwa kama ndoo iliyojaa. Hewa hustahimili volti 3,000 hivi kwa kila milimita kabla ya kupasuka na kuruhusu umeme upite, kwa hiyo mtu mwenye volti 10,000 hutoa cheche kidole kikiwa kimebakiza milimita 3 kufika kwenye chuma. Dawa yake haina gharama: ashike chuma cha fremu ya mlango kabla hajanyanyuka kitini, na aendelee kukishika mpaka miguu yote miwili ikanyage chini. Chaji itaondoka kidogo kidogo kadiri inavyotenganishwa, na hatahisi chochote. Akisahau, aguse chuma kwa ufunguo alioushika barabara, ili cheche iruke kwenye ncha ya ufunguo badala ya ngozi ya kidole chenye mishipa mingi ya fahamu.

Bangili ya shaba haitamsaidia, kwa sababu bangili iliyoko mkononi na mwili vimekuwa kitu kimoja. Chaji haina pa kwenda. Sisi mafundi huvaa mkanda mkononi tunapofungua vifaa, lakini mkanda wetu una waya unaouunganisha na ethi, yaani ardhi, na katika waya huo mna rezista, kifaa cha kuzuia umeme, ya omu milioni 1. Wanafunzi wangu huuliza kila mara kwa nini tuweke kizuizi kikubwa hivyo kwenye njia tunayotaka chaji ipite. Rezista hiyo ni ya kumlinda fundi: kama kwa bahati mbaya atagusa waya wa volti 240, mkondo utakaopita kwenye mkanda hautafika hata robo ya miliampea moja. Na kwa umeme tuli kizuizi hicho si kitu, kwani chaji ya mwili mzima hushuka kupitia hapo kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Chaji haihitaji njia pana. Inahitaji njia isiyokatika.

Huenda msomaji akashangaa kwamba volti 240 za ukutani huua na volti 10,000 za mlango wa gari humshtua mtu tu. Volti hupima msukumo. Hazisemi ni kiasi gani cha chaji kinachosukumwa wala kwa muda gani. Waya wa ukutani una mtambo nyuma yake unaoendelea kusukuma mpaka mtu aachiliwe au afe. Mwili wenye volti 10,000 una nishati ya milijuli 5 hivi, nayo humalizika yote kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa afya ya mtu wa kawaida hilo si tishio, na sipendi wasomaji watishwe bila sababu.

Hata hivyo, kisichomdhuru mtu kinaweza kuharibu kitu kingine, na hili nililijifunza kwa aibu. Nilipokuwa kijana kazini nilifungua kompyuta ya mteja sakafuni, juu ya zulia, nikiwa nimevaa sweta la nailoni, nikachomoa kipande cha kumbukumbu ambacho mafundi tunakiita ramu, nikakifuta vumbi na kukirudisha. Sikuona cheche wala sikusikia chochote. Kompyuta haikuwaka tena. Nilimwambia mwenye mali, mama mmoja mvumilivu sana, kwamba kifaa kilikuwa kimechoka, na niliamini hivyo kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nimemdanganya bila kukusudia. Mtu huanza kuhisi shoti mwili unapofikia volti 3,000 hivi, ilhali zimo aisii, vile vipande vidogo vya saketi ndani ya kompyuta na simu, zinazoharibika kwa volti zisizofika 100. Kati ya namba hizo mbili kuna eneo pana ambamo mkono unaua kifaa na mwenye mkono hana habari. Kibaya zaidi, si kila aisii hufa papo hapo. Nyingine hujeruhiwa tu, hufanya kazi leo na kesho, kisha hukata roho wiki kadhaa baadaye, na lawama humwangukia mtengenezaji au mtumiaji.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Jedwali ambalo mafundi wa elektroniki hulirejea mara kwa mara linaonyesha kwamba kutembea juu ya zulia kwenye hewa kavu sana kunaweza kumpandisha mtu hadi volti 35,000, na kwamba mwendo huohuo kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 humpa volti 1,500 tu. Watu hudhani hewa yenye unyevu inapitisha umeme. Sivyo hasa. Unyevu hutandaza juu ya vitu ngozi nyembamba ya maji isiyoonekana, yenye chumvichumvi kidogo, na chaji hutambaa juu ya ngozi hiyo hadi ardhini.

Namba hiyo ya volti 3,000, ambayo chini yake mtu hahisi kitu, ndiyo inayonitoa usingizini ninapofikiria vituo vya mafuta. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 1.4 na asilimia 7.6 huweza kuwashwa na cheche ya nishati ya milijuli 0.2 hivi, kiwango kikiwa muafaka. Mwili wenye volti 3,000 una karibu milijuli 0.45. Maana yake ni kwamba cheche ambayo mtu anaihisi kwa shida, au haihisi kabisa, ina nishati ya kutosha kuwasha moto. Ndani ya tangi la gari kwa kawaida hapawaki, kwa kuwa mvuke uliomo ni mzito kupita kiwango hicho na hewa ni kidogo. Hatari ipo mdomoni, pale mvuke unapotoka na kukutana na hewa, na hapohapo ndipo tunapoingiza mkono na bomba la chuma.

Petroli yenyewe huongeza tatizo. Inapopita kwa kasi kwenye bomba na kichujio hutenganisha chaji, na kwa kuwa petroli haipitishi umeme vizuri, huibeba chaji hiyo hadi ndani ya chombo kinachojazwa. Dumu likiwa juu ya ardhi, chaji ina mahali pa kushukia. Likiwa ndani ya buti la gari juu ya zulia, au kwenye pikapu iliyotandikwa plastiki, chaji hujilimbikiza humo. Dumu la chuma lililokalia plastiki ni baya kuliko yote, kwa sababu zile nilizozitaja za kipitishi kilichozungukwa na vihami: chaji yake yote inaweza kuruka kwa mara moja kwenda kwenye bomba la pampu. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo ndani ya buti hukaa chini na kusubiri badala ya kutawanyika. Wenye magari makubwa ya kubeba mafuta wanayajua haya. Huunganisha waya wa ethi kabla ya kufungua koki. Ndege nayo huunganishwa kwa waya na gari linaloijaza. Ni sisi wenye madumu tu ambao hakuna aliyetwambia.

Siku chache zilizopita nilisimama kwenye foleni ya kituo kimoja cha mafuta, na mbele yangu kijana mhudumu alikuwa akijaza dumu lililokaa ndani ya buti, juu ya zulia, mwenye gari akiwa ameinama hapo kulishikilia lisiyumbe. Nikamwambia, “Kijana, tafadhali literemsheni dumu hilo chini kwanza.” Akanitazama, akaona simu mkononi mwangu, akanijibu kwa adabu, “Mzee, samahani, zima simu yako, utatuchoma.” Sikumlaumu. Juu ya kichwa chake palikuwa na bango kubwa lenye picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu, na hapakuwa na hata neno moja kuhusu dumu. Alifanya kazi yake kwa mujibu wa alichofundishwa. Niliweka simu mfukoni, nikarudia ombi langu, na dumu likateremshwa.

Naomba nieleweke vizuri. Sitetei kuongea na simu penye pampu. Inamvuruga mtu akili mahali anapopaswa kuwa makini, na ni vyema ibaki mfukoni. Lakini nchini Marekani, wataalamu wa vifaa vya vituo vya mafuta walipokusanya taarifa za mioto iliyozuka wakati wa kujaza magari, mingine ikiwa imesingiziwa simu, hawakuthibitisha hata mmoja uliowashwa na simu. Walichokikuta mara nyingi ni mtu aliyeacha pampu ikiendelea, akarudi kukaa garini, kisha akashuka na kwenda moja kwa moja kushika bomba bila kugusa chuma kingine. Alikuwa amejitia chaji upya kwenye kiti na kuipeleka mwenyewe penye mvuke. Bango linalokataza simu pekee humfanya mtu kama huyo ajione salama kwa kuwa simu ameiacha ndani ya gari.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako nawaomba wenye vituo vya mafuta wasing'oe mabango yao, bali waongeze maneno. Yasiwe amri tupu, kwa maana amri isiyo na sababu huvunjwa mara tu msimamizi anapogeuza mgongo. Napendekeza yaandikwe hivi: “Teremsha dumu, liweke juu ya ardhi mbali na gari, na mdomo wa bomba uguse dumu muda wote wa kujaza. Usirudi kukaa garini pampu ikiendelea. Ukirudi, gusa chuma cha gari mbali na tundu la mafuta kabla ya kushika bomba. Cheche usiyoihisi inatosha kuwasha mvuke wa petroli.” Wahudumu nao wafundishwe kwamba moto ukizuka kwenye tundu la tangi bomba lisichomolewe, kwa sababu anayelichomoa humwaga petroli inayowaka juu ya miguu yake na ya waliomzunguka, aliache hapo, asogee mbali, na pampu ifungwe kwa swichi ya dharura.

Msomaji wako,
Fundi wa simu na kompyuta